Methani ya mifugo na mpunga: jinsi ya kuilinganisha Tanzania na nchi za kipato chake

Arusha haijawahi kupungukiwa warsha za tabianchi. Unaingia ukumbini, unapewa kalamu na daftari, na kabla ya chai ya saa nne mtoa mada keshaonyesha grafu yake ya methani, gesi inayopasha dunia joto: upau mfupi wa Tanzania, kando yake upau mrefu wa nchi zote za kipato cha kati cha chini. "Mnaona wenyewe," anasema, "methani yetu ni kidogo mno." Wiki inayofuata, ukumbi mwingine, mtaalamu mwingine anaonyesha kuwa kila Mtanzania ana methani nyingi zaidi ya mifugo kuliko mwenzake wa India aliye kundi hilohilo, na macho yote yanawageukia wafugaji wa Longido na Monduli walioketi nyuma.

Wote wawili wanaweza kuwa wametumia takwimu zilezile na hesabu zao zikawa sahihi. Mwongozo huu ni kwa afisa mifugo, mwanafunzi wa chuo cha mifugo cha Tengeru, mwandishi wa habari au mtu wa shirika anayetakiwa kufanya ulinganisho huo mwenyewe na kuutetea akibanwa maswali. Unahitaji kompyuta yenye Ekseli au programu inayofanana nayo, bando la kupakua mafaili mawili matatu, na nusu siku iliyotulia.

Hatua ya 1: Andika swali kabla ya kufungua faili

Maswali yanayochanganywa ni manne. Nani anaongeza methani nyingi zaidi angani? Hilo hujibiwa kwa jumla ya tani. Mgawo wa kila mtu ni kiasi gani? Hapo unagawa kwa idadi ya watu. Nani anapata maziwa au nyama kwa methani kidogo? Unagawa kwa lita au kilo. Nani anaongeza na nani anapunguza? Hilo linataka mfululizo wa miaka. Andika swali lako juu kabisa ya karatasi ya kwanza ya faili, maana ukishaona tarakimu tamu utashawishika kulibadilisha.

Kuna kipimo cha tano ninachokushauri usikitumie peke yake: asilimia ya kilimo katika methani yote ya nchi. Kinaweza kushuka bila ng'ombe hata mmoja kupungua, kwa sababu tu madampo ya miji yameongezeka. Ni rahisi kukipata, na ndiyo maana kinaonekana kwenye kila wasilisho.

Hatua ya 2: Jua kilichomo ndani ya "methani ya kilimo"

Sehemu kubwa hutoka kwa wanyama wanaocheua. Nenda kwenye kihamba chochote, yaani shamba la nyumbani la migomba, cha Machame au Marangu mkoani Kilimanjaro ukasimame mlangoni mwa banda la ng'ombe wa ndani. Amekatiwa vipande vya mgomba, amewekewa majani yaliyopandishwa kutoka tambarare, na akishashiba analala na kuanza kucheua. Ndani ya tumbo lake la kwanza kuna vijidudu visivyohitaji hewa, vinavyovunjavunja nyuzi za majani. Methani ni mabaki ya kazi yao. Hutokea mdomoni anapopiga mbweu, si nyuma kama watu wanavyotania. Mbuzi na kondoo nao hufanya hivyo kwa kiasi kidogo. Nguruwe hutoa kiasi kidogo sana kwa njia hiyo, kwa kuwa hacheui.

Chanzo kingine ni samadi. Ikikauka uwandani hutoa methani kidogo, ikirundikwa kwenye shimo lenye maji hutoa nyingi. Uchomaji wa mabaki ya mazao huongeza kiasi kidogo.

Halafu mpunga. Ukishuka kutoka Moshi mjini kuelekea Mabogini na Chekereni, kwenye skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi, utaona majaruba yaliyojaa maji. Udongo ukikaa chini ya maji muda mrefu hukosa hewa, na vijidudu vya jamii ileile huanza kutoa gesi ileile. Mwongozo wa mwaka 2006 wa IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, unakadiria kilo 1.3 za methani kwa hekta moja kwa siku pale maji yanaposimama mfululizo bila mbolea za asili. Kwa siku 110 hiyo ni kilo 143, karibu sawa na ng'ombe wanne na nusu wa asili kwa mwaka mzima. Mkulima wa kilimo shadidi anayelowesha jaruba na kuliacha likauke kwa zamu hutoa pungufu ya hapo, ingawa yeye hufanya hivyo kwa sababu maji ni ya kugombea.

Nimekaa hapa kwa makusudi, kwa sababu orodha ya vyanzo haifanani kila mahali. Kipimo cha zamani cha Benki ya Dunia kilichoitwa methani ya kilimo kilijumuisha wanyama, samadi, mpunga, uchomaji wa mabaki ya mazao, na pia moto wa mbugani na nyikani. Hifadhidata ya EDGAR ya Tume ya Ulaya, ambayo Benki ya Dunia inaitumia sasa, haiweki moto wa nyika ndani ya kilimo. Kwa nchi kama Uholanzi tofauti hiyo ni sawa na bure. Kwa Tanzania, yenye miombo na nyasi zinazowaka kila kiangazi, si bure hata kidogo. Ukichukua mwaka wa kwanza kutoka faili la zamani na mwaka wa mwisho kutoka faili jipya, utatangaza upungufu ambao haujawahi kutokea.

Hatua ya 3: Lifahamu kundi

Kundi la kipato ni orodha ya Benki ya Dunia inayopangwa upya kila tarehe 1 Julai kwa kuangalia Pato la Taifa kwa kila mtu. Tanzania iliingia kipato cha kati cha chini tarehe 1 Julai 2020: pato la 2019 lilikuwa dola 1,080 kwa mtu, na mstari wa kuvuka ulikuwa dola 1,036. Tulivuka kwa dola 44.

Yanayofuata kutokana na hilo ni haya. Benki ya Dunia inapotoa jumla ya kundi kwa miaka ya nyuma, hutumia orodha ya sasa. Kwa hiyo mstari wa "kipato cha kati cha chini" wa mwaka 1990 unaihesabu Tanzania humo, ingawa wakati huo tulikuwa kundi la chini kabisa. Hilo si kosa, ila lazima ulijue. Nchi nyingine huingia na kutoka: Indonesia ilipandishwa hadi kipato cha kati cha juu mwaka 2020, ikashushwa 2021, ikarudi juu 2023. Indonesia ina watu zaidi ya milioni 270 na mpunga usio na mwisho. Ikitoka, jumla ya kundi zima hushuka, na hakuna mkulima aliyebadilisha chochote. Ndiyo maana faili la mwaka juzi halifanani na la leo.

Usichanganye pia kundi hili na mengine yanayokaribiana nalo kwa jina. Umoja wa Mataifa una orodha yake ya nchi zenye maendeleo duni, na Tanzania bado imo huko. Ukipakua kutoka FAOSTAT, hifadhidata ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, utakutana na orodha hiyo na ile ya nchi zenye kipato kidogo na upungufu wa chakula. Zote zinasikika kama "maskini", ila wanachama wake ni tofauti. Kenya, ng'ambo ya Namanga, iko nasi kipato cha kati cha chini. Uganda iko chini. Pakua orodha ya nchi za kundi lako, uihifadhi na tarehe yake.

Hatua ya 4: Pakua kutoka chanzo kimoja

Kwenye tovuti ya takwimu ya Benki ya Dunia tafuta methani ya sekta ya kilimo, kisha chagua Tanzania na kundi kwa pamoja. Hii ndiyo njia fupi, kwa kuwa jumla ya kundi imeshakokotolewa. Njia ndefu ni FAOSTAT: unachukua nchi moja moja za kundi na kujumlisha mwenyewe. Inachosha, ila inakupa mgawanyo wa ng'ombe, mbuzi, samadi na mpunga, na inakuwezesha kuitoa nchi unayotaka kwenye jumla. Kama ni makala ya gazeti, njia fupi inatosha. Kama ni tasnifu au andiko la sera, chukua ndefu.

Tanzania kutoka FAOSTAT na kundi kutoka EDGAR, usithubutu. Viwango wanavyotumia kwa kila mnyama hutofautiana.

Ukiwa FAOSTAT, angalia safu ya alama kwenye idadi ya mifugo. Herufi A ni takwimu rasmi ya nchi, E ni makadirio, I ni thamani iliyojazwa kwa hesabu pale nchi ilipokaa kimya. Miaka mitatu ya I mfululizo inapanda kwa mstari ulionyooka kama rula, na mifugo ya kweli haipandi hivyo. Ukame wa 2009 uliua ng'ombe wengi mno Longido na Monduli. Kama mstari wako haujashtuka popote karibu na hapo, ujue unasoma makadirio. Kwa sababu hiyo napendelea wastani wa miaka mitatu mitatu kuliko mwaka mmoja mmoja.

Hatua ya 5: Rudisha kila kitu kwenye kipimo kimoja

Hapa ndipo pau nyingi za warsha huharibikia. Faili moja litakuwa na tani elfu za methani yenyewe, la pili tani elfu za methani iliyogeuzwa kuwa uzito wa hewa ukaa, la tatu tani milioni za hewa ukaa. Ukiona Tanzania ina 36 huku na 36,000 kule, ni kitu kilekile. Ukiona 1,300 na 36,000, gawa ya pili kwa ya kwanza: ukipata 28 au karibu yake, umepata kigeuzi.

Kigeuzi chenyewe kimebadilika kadiri sayansi ilivyosonga. Kwa kipindi cha miaka 100, ripoti ya pili ya IPCC ilisema kilo moja ya methani ni sawa na kilo 21 za hewa ukaa. Ya nne ikasema 25. Ya tano 28. Ya sita, kwa methani ya wanyama na mpunga, 27. Ukipima kwa miaka 20 inafika karibu 80, kwa kuwa methani hupasha joto sana lakini hudumu angani kwa takriban miaka 12 tu. Ushauri wangu: gawa, urudi kwenye tani za methani, fanya hesabu zote huko, na ugeuze mwishoni mara moja tu kama mwenye kazi anataka hewa ukaa.

Hatua ya 6: Fanya hesabu ya mkono kwanza

Usiliamini faili kabla hujaligusa kwa kalamu. Chukua Tanzania Bara kwa tarakimu za mviringo: ng'ombe milioni 36, mbuzi milioni 26, kondoo milioni 9. Viwango vya kawaida vya mwongozo wa 2006 kwa Afrika ni kilo 31 za methani kwa mwaka kwa ng'ombe asiye wa maziwa, 46 kwa ng'ombe wa maziwa, na 5 kwa mbuzi au kondoo. Kwa urahisi mhesabu kila ng'ombe kwa 31.

Ng'ombe: 36 × 31 = tani elfu 1,116.
Mbuzi: 26 × 5 = tani elfu 130.
Kondoo: 9 × 5 = tani elfu 45.
Jumla: tani elfu 1,291 za methani.

Mara 28 unapata takriban tani milioni 36 za hewa ukaa. Kwa kigeuzi cha 21 ungepata 27, na kwa kile cha miaka 20 zaidi ya 100. Mifugo ni ileile, imelala kwenye maboma yaleyale.

Sasa gawa kwa watu. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120, na mkono utakimbilia tarakimu hiyo. Ngoja. Mifugo si jambo la Muungano. Hesabu ya wizara ni ya Bara. Basi gawa kwa watu wa Bara, 59,851,347, na utapata kilo 21.6 za methani kwa kila mtu. Ukigawa kwa Muungano mzima unapata 20.9. Tofauti ni ndogo, ila ni ya aina ambayo msimamizi wa tasnifu huigundua ukurasa wa kwanza na kuanza kutilia shaka kurasa zote zinazofuata.

Hii ni sakafu tu: hakuna samadi, mpunga wala nyongeza ya ng'ombe wa maziwa. Faili likikupa pungufu ya hapo, rudi Hatua ya 5. Likikupa nyingi mno, angalia kiwango: marekebisho ya 2019 ya mwongozo huo yalipandisha kiwango cha ng'ombe wa Afrika asiye wa maziwa kutoka 31 hadi kuzidi 50. Chanzo kikihamia huko, methani ya Tanzania inaongezeka kwa zaidi ya nusu usiku mmoja, na mtu asiyesoma maelezo ya chini ataandika habari ya kutisha.

Hatua ya 7: Itoe India, uone kundi linabaki na nini

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na kwangu ndiyo kiini cha kazi nzima. India nayo ni ya kipato cha kati cha chini. Sensa yake ya mifugo ya 2019 ilikuwa na ng'ombe milioni 193 na nyati wa kufugwa milioni 110. Kwa viwango vya mwongozo uleule, kilo 27 kwa ng'ombe asiye wa maziwa na 55 kwa nyati:

193 × 27 = tani elfu 5,211.
110 × 55 = tani elfu 6,050.
Jumla: tani elfu 11,261.

Hiyo ni karibu mara tisa ya Tanzania, tena kabla ya mpunga. Kwa hiyo ule upau mrefu wa warsha ni India kwa sehemu kubwa, ikifuatwa na Pakistan, Bangladesh, Nigeria na wenzao. Kusema Tanzania ni ndogo kuliko kundi hilo ni kama kusema Meru ni mfupi kuliko milima yote ya Afrika ikipangwa juu kwa juu.

Lakini gawa tarakimu hiyo kwa watu bilioni 1.4: kilo 8 kwa mtu, dhidi ya 21.6 za Tanzania Bara. Ukiweka ng'ombe wao wa maziwa kwa kiwango chao na mpunga wao wote, pengo linapungua, halifutiki. Jibu limegeuka. Na kwa kuwa watu wa India ni wengi hivyo, wastani wa kundi kwa kila mtu unavutwa na India: ukiilinganisha Tanzania na "kundi", kwa kiasi kikubwa unailinganisha na Uttar Pradesh na Bihar.

Kwa hiyo toa namba tatu, si moja. Kwanza, jumla ya methani ya kundi ugawe kwa jumla ya watu wake. Pili, hivyohivyo bila India, na bila Tanzania pia, maana nchi hailinganishwi na rundo ambalo yenyewe imo. Tatu, kokotoa kilo kwa mtu kwa kila nchi, panga kuanzia ndogo hadi kubwa, uchukue ile ya katikati. Hapo kila nchi ina kura moja, na Tanzania unaiona ilipo kwenye foleni. Nikilazimishwa kuchagua moja kwa ajili ya wasilisho, nachagua hii ya tatu.

Katika Ekseli ni kazi ya dakika chache: safu ya nchi, ya methani, ya watu, ya mgawo, kisha kupanga. Angalia tu majina. "United Republic of Tanzania" ya faili moja na "Tanzania" ya faili lingine hazitaungana zenyewe. Tumia msimbo wa herufi tatu, TZA.

Hatua ya 8: Kama swali ni la ufanisi

Gawa kwa lita. Mfano wa kufikirika: ng'ombe wa kihambani anayetoa lita 8 kwa siku kwa siku 300 anatoa lita 2,400. Kwa kilo 46 za methani, kila lita ina gramu 19. Ng'ombe wa asili anayekamuliwa lita moja na nusu kwa siku 180 anatoa lita 270; kwa kilo 31, kila lita ina gramu 115. Ng'ombe wa maziwa wa Amerika Kaskazini amewekewa kilo 128 kwenye mwongozo uleule, karibu mara tatu ya wa kihambani, lakini kwa zaidi ya lita 10,000 kwa mwaka kila lita yake ina gramu zisizozidi 13.

Ndiyo maana ukilinganisha Tanzania na nchi za kipato cha juu kwa lita, tunaonekana vibaya sana. Kabla hujaandika hivyo, nenda mnada wa Meserani siku ya soko. Yule ng'ombe wa gramu 115 anauzwa ili mtoto alipiwe ada ya shule, anatolewa mahari, ndama wake amenyonya kabla ya mkamuaji, na mwaka wa ukame ndiye akiba pekee. Kumtwisha methani yote ya mwaka mzima kwenye maziwa peke yake ni uamuzi wa mtu wa hesabu. Unaruhusiwa kuufanya, kuuficha huruhusiwi.

Hatua ya 9: Andika sentensi inayojitegemea

Grafu itapigwa picha na kurushwa kwenye kundi la WhatsApp bila maelezo yako, kwa hiyo maneno yote ya lazima yakae ndani ya grafu yenyewe: chanzo, mwaka au wastani wa miaka, vyanzo vya methani vilivyohesabiwa, kigeuzi, orodha ya Julai ya mwaka gani, na kama India imo. Mfano wa sentensi: "Kwa mifugo ya kucheua pekee, kwa viwango vya IPCC vya 2006, Tanzania Bara ilikuwa na takriban kilo 22 za methani kwa kila mtu." Ni ndefu na haina mvuto, lakini akisimama mfugaji au waziri kukuuliza umeipataje, jibu liko humohumo.

Mwisho, fungua karatasi moja ndani ya faili uiite "maelezo". Weka tarehe uliyopakua, anwani ya ukurasa, na orodha ya nchi za kundi kama ilivyokuwa siku hiyo. Tarehe 1 Julai orodha ikitoka upya, bandika majina mapya kwenye safu ya nchi, acha fomula zifanye kazi, na uangalie kama nchi ya katikati imebadilika.